Milimita Tatu Kila Upande

Jumatatu, 3 Machi

Wamenilaza tena. Kitanda cha dirishani, angalau. Dirisha lenyewe limekatwa vibaya – kioo kifupi, pengo la juu wamelishindilia gundi kama mtu anayeficha jino lililong'oka. Na mimi ndiye nilale nikilitazama!

Niandike tangu mwanzo, kichwa kimejaa. Mwaka jana walinitia kifaa kifuani, chini ya mtulinga, ukubwa wa kiberiti. Nyaya zake zinapita chini ya ngozi ya shingo mpaka kwenye ubongo. Zinapeleka umeme kidogo kidogo, mkono unatulia. Kabla ya hapo nilikuwa natetemeka – Pakinsoni, na umri wangu wala si wa kikongwe. Nilikuwa simwagi chai, nainyunyiza. Halafu siku moja Profesa aliyenitibu akabonyeza rimoti yake na mkono ukanyamaza. Ukanyamaza! Kama mtoto aliyepewa titi. Nililia mbele za watu, mimi ambaye sikulia nilipokuwa nafagia vigae vya kioo kwenye duka la fundi mwingine, vidole vyote vimefungwa vitambaa, nikijifundisha kukata kwa vipande alivyovitupa yeye.

Sasa kidonda cha kifaa kimefunguka na kutoa usaha. Maabara wameotesha wanachokijua wao na kukipa jina refu. Maana yake bakteria sugu. Wameimwagia dawa za kawaida kwenye kisahani, inazidi kunenepa.

Shemeji kapiga simu kutoka dukani kwangu, duka la vioo. Badala ya pole, ananiambia: "Tulikwambia usirudi kazini mapema, shemeji." Tulikwambia! Yeye na nani? Siku hizo alikuwa hajui hata kioo kinashikwaje.

Jumanne, 4 Machi

Daktari wa Vijidudu amekuja. Binti mdogo, lakini ndiye mkubwa wa utafiti upande wa bakteria. Profesa anashika upande wa mitikisiko. Amevuta kiti akakaa. Wengi husimama mlangoni kama wanaodai kodi ya nyumba. Amepata alama moja kwangu.

Anasema kawaida kifaa kikiingiwa na bakteria sugu, kinatolewa. Chote. Unatibiwa, unasubiri miezi na miezi, kisha pengine unatiwa kingine. Wao wanauliza: hivi ni lazima? Basi wagonjwa wanagawanywa. Kundi moja linatolewa kifaa kama kawaida. Kundi la pili linabakiziwa – wanafungua, wanaosha mfuko wake pale kifuani, wanafunga, wanampa mtu dawa mbili mpya kwa pamoja kwenye dripu. Nani aende wapi, kompyuta inaamua.

"Kama bahati nasibu?"

"Kama kurusha sarafu, Mama. Mimi mwenyewe siruhusiwi kuchagua. Ningependelea."

Nikamuuliza waliobakiziwa wamepona wangapi. Hajui! Hawaruhusiwi kuchungulia mpaka wagonjwa wote watimie. Nikamwambia fundi gani huyo anayesubiri nyumba iishe ndipo aweke rula. Akacheka. Lakini nilipomuuliza nikikataa utafiti kitatokea nini, alijibu bila kuzunguka: kifaa kinatolewa kesho.

Hesabu ya darasa la kwanza. Nje ya utafiti, sifuri. Ndani, nusu. Nikashika kalamu nitie saini, akaiondoa mkononi mwangu. Akanisomea yote mpaka mwisho. Sharti kubwa: wekundu wa ngozi ukivuka mpaka watakaouchora, kifaa kinatoka, hakuna mjadala. "Kwa sababu waya zinaelekea kichwani, Mama. Wadudu wakipanda nazo mpaka kule, hatutakuwa tunazungumzia mikono tena."

Nimesaini baada ya hapo. Polepole zaidi.

Baba Watoto kaja na machungwa. Nimemweleza. Amekaa akimenya la kwanza mpaka likaisha maganda, akasema: "Huo ubongo ndio unaojua soksi zangu zilipo. Usiuchezee." Halafu akala chungwa langu mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

KUBAKIZA! Kompyuta imesema kubakiza!

Upasuaji wa kuosha ni leo mchana. Njaa. Furaha na njaa, sijui ipi kubwa.

Alhamisi, 6 Machi

Kifua kinauma kama nimepigwa teke la punda. Lakini kifaa kipo. Nimegusa juu ya bandeji, kipo.

Sista wa wodi amechora mstari kuzunguka wekundu kwa kalamu ya wino mzito. Umbo lake kama kiazi. Ndani ya mstari ngozi nyekundu, ya moto. Nje, ngozi yangu ya siku zote. Kila siku Daktari wa Vijidudu atatazama: wekundu umerudi ndani au umetoka nje. Basi! Mashine zote hizo, na kesi yangu inaamuliwa na mstari wa kalamu. Hilo nimelipenda. Ni lugha yangu.

Na damu. Kuna kipimo kinachoonyesha mwili unavyowaka. Mtu mzima mwenye afya yuko chini ya tano. Mimi mia na arobaini. Inabidi ishuke.

Kitanda cha pili yupo Mwalimu, mstaafu. Ugonjwa ule ule, bakteria ile ile, lakini yeye kompyuta ilimtupa kundi la kutolewa. Kifaa chake kilitoka zamani kidogo na mtetemeko wake umerudi wote. Nimemwona akinywa uji kwa mrija. Akaniona namwona. "Usihofu, bibie. Zamani nilikuwa napungia watu mkono. Siku hizi mkono ndio unaonipunga mimi." Nimecheka mpaka nyuzi zikanivuta.

Halafu sikucheka. Ile ndiyo nusu nyingine ya sarafu, imelala mita mbili kutoka kwangu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo Profesa amekizima kifaa kwa muda. Ndiyo kanuni ya utafiti, wanapima mtu kikiwa kinafanya kazi na kikiwa kimezimwa. Naandika sasa hivi kikiwa kimezimwa, makusudi, nione. Huu si mwandiko. Hii ni kuku kapita kwenye majivu. Basi

Baadaye. Kimewashwa. Tazama herufi hizi! Tazama hiyo 'm', miguu mitatu, yote imesimama.

Walinipa kugonga kidole cha shahada na gumba, haraka haraka. Kuzungusha kiganja. Kuchora konokono kutoka katikati kwenda nje. Konokono wa kuzimwa alikuwa ugomvi mtupu. Konokono wa kuwashwa – Profesa amemnyanyua dirishani akamtazama kwenye mwanga. "Huyu ni wa maonyesho," kasema. Akaongeza kwa wanafunzi wake kuwa mimi ni kesi ya kuvutia. Mimi si kesi ya kuvutia, mimi ni mwenye duka. Nimemwambia. Akasema samahani Mama mwenye duka, na wanafunzi wakaandika hata hilo.

Damu: mia na kumi na nane. Inashuka!

Saa sita simu. Shemeji. Tuna kazi ya madirisha ya maktaba mpya, kazi niliyoitafuta mwenyewe kwa miguu yangu. Kakata vioo sita, haviingii. Kimoja kakilazimisha, kimepasuka. "Fremu zimevimba, shemeji." Fremu za aluminiamu zimevimba! Zina mafua?

Nikamuuliza, umekata kwa kipimo gani? Kipimo cha fremu, anasema, kama ulivyofundisha. Nikamwambia nimefundisha nini mimi: ukishapima fremu, unatoa milimita tatu kila upande! Kioo kinahitaji kupumua. Juu tatu, chini tatu, kushoto, kulia. Mimi sifikirii hata, mkono unatoa wenyewe. Yeye anapima sawa kabisa, anakata sawa kabisa, halafu anashangaa.

Na jingine limemponyoka kwenye simu. Mteja kaniulizia, akamwambia "mama amepumzika kwa sasa." Nikauliza kwa sasa mpaka lini? Mtandao ukaanza kumsumbua ghafla.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeoga kwa mara ya kwanza tangu upasuaji, kipande kipande, bandeji imefunikwa kwa nailoni. Sabuni yao ya hospitali inakwangua kama msasa. Nailoni ilivuja; nilipotoka nikainua bandeji iliyolowa, nikajitazama kwenye kioo cha bafuni (chenye madoa, rangi ya fedha ya nyuma imelika) – mstari hakuna! Kiazi chote kimekwenda na maji.

Nikatafuta Sista. Mmoja anamaliza zamu, mwingine hajafika, mgonjwa wa mlangoni anatapika. Nikafikiri, nisubiri nini? Kwenye mkoba nina kalamu yangu ya dukani, ile ya kuandikia juu ya kioo, haitoki kwa maji. Nikasimama mbele ya kioo cha bafuni nikauchora mwenyewe, ukingoni mwa wekundu, kuzunguka. Mkono umetulia tuli. Mstari safi, mwembamba, unarudi ulipoanzia bila hata kuachana unywele. Sista mwenyewe angeuonea wivu.

Mwalimu kaniona natoka natabasamu peke yangu. "Umeokota nini bafuni?" Nikamwambia mkono wangu.

Jumapili, 9 Machi

Siandiki sana.

Umevuka mstari. Daktari wa Vijidudu kafungua bandeji, kainama. Kaweka rula ya karatasi. Wekundu umetoka nje ya mstari. Si sehemu moja, pande zote. Milimita tatu, kasema. Amepima tena. Tatu.

Nikasema lakini damu inashuka, leo ni tisini na saba! Akasema damu wakati mwingine inachelewa, ngozi inatangulia. Hakufurahi. Nilimwona, hakufurahi hata kidogo. Akasema kanuni ni kanuni na nimeikubali. Kifaa kinatoka Jumanne.

Alijaribu kunishika bega. Nikageukia dirisha.

Baba Watoto kaja, kaambiwa mlangoni. Kakaa. Hakuleta mzaha. Bila mzaha wake nimejua hali ni mbaya.

Mwalimu, Baba Watoto alipoondoka: "Kifaa ni chuma, bibie. Wewe ni nyama. Chuma kinanunuliwa." Nikamjibu vibaya. Nikamwambia yeye kazi yake ilikuwa kuongea, mikono si kitu kwake. Akasema, "Nilifundisha hati, mwanangu. Mwandiko. Ubaoni."

Nitamwomba radhi kesho. Leo sina uso.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ndefu kuliko zote, na imeishia mahali ambapo sikutegemea. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilimwomba Mwalimu radhi. Akasema amefundisha wanafunzi wakorofi kuliko mimi, na wote aliwapasisha.

Halafu nikampigia Shemeji. Nilikuwa nimekubali. Kama mikono inaondoka kesho, basi leo nimfundishe kukata kwa mdomo, duka lisife. Nikamwambia weka simu mezani, chukua kioo, tuanze upya. Nikamtolea hatua moja moja. Na yeye, haki yake nimpe, alisikiliza bila kubisha. Akapima. Akasoma. Nikasema sasa toa. Akasema nimetoa, shemeji, tatu juu na tatu chini. Nikasema na pembeni? Amesahau. Nikapaza sauti, wodi nzima imenisikia: "Milimita tatu kila upande, jamani! Sawasawa pande zote! Ndipo mtu akitazama anajua hii ni kazi ya mkono, si bahati –"

Nikakatika hapo hapo.

Shemeji: "Haloo? Shemeji? Umeanguka?"

Sikuanguka. Nilikuwa nasikia nilichosema. Tatu. Kila upande. Sawasawa. Ni ugonjwa gani unaotembea sawasawa pande zote? Maji yakimwagika hayaendi hivyo. Moto hauendi hivyo. Doa la mafuta kwenye nguo haliendi hivyo. Kinachokwenda hivyo ni mkono wangu! Nilisimama mbele ya kioo, nikaona ukingo, mkono ukatoa milimita tatu kama unavyotoa kila siku ya maisha yake. Nilichora mstari ndani ya ukingo. Sikuchora mpaka wa wekundu, nilikata kioo cha kuingia kwenye fremu!

Niliketi kitandani na simu mkononi. Hapa niwe mkweli, hakuna anayesoma. Furaha haikuja kwanza. Ilikuja hofu. Nikisema, nitaonekana mama anayejitungia hadithi asitolewe kifaa chake. Kwani mara ngapi mtu hudanganya kwa sababu ndogo kuliko hiyo? Na kama nakosea? Kama umevuka kweli, na mimi kwa maneno yangu mazuri nawapa wadudu muda wa kupanda na waya?

Nikamweleza Mwalimu. Akafikiri, mikono yake inacheza juu ya shuka. "Mwambie daktari na hofu yako pia. Mpe vyote viwili. Kupima ni kazi yake, ndiyo aliyosomea."

Nikamwita. Kaja na viatu vya mbio. Nikamwambia yote: sabuni, kalamu, bafuni, fremu. Akanitazama. "Mama. Ulijichorea mwenyewe mstari wa utafiti?" Nikasema ndiyo. "Kwa kalamu ya dukani?" Ndiyo. Akafunika uso kwa mikono. Nilidhani analia. Anacheka! Mabega yanatikisika kuliko ya Mwalimu. Kisha akaacha, akawa mkali kama mkwe. Angeweza kunitoa kwenye utafiti. Nimevuruga kipimo. Kosa langu litaandikwa na kupelekwa kwa kamati ya utafiti. Nikasema lipelekwe. Na kuhusu hofu yangu nikamwambia pia, kwamba huenda najidanganya.

Hapo akalainika. "Hicho ndicho kinachofanya nikusikilize," akasema.

Akatoa kalamu na karatasi. Akanichorea fremu, akaniambia weka mstari kwenye ukingo wake wa ndani, bila kufikiri, ongea na mimi huku unachora. Akaniuliza habari za watoto. Nikachora nikimweleza. Akaweka rula.

Mbili na nusu. Tatu. Tatu. Tatu.

"Haiwezekani," akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Jumanne, 11 Machi

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kutolewa. Sijatolewa.

Wamekutana, yeye na Profesa na mpasuaji. Wana picha ya kidonda ya Ijumaa, ila haikupigwa vizuri, mwanga wa manjano. Kitu kimoja tu kinaonekana: nina baka dogo jeusi la kuzaliwa upande wa shingoni, na Ijumaa wekundu ulikuwa umeligusa. Leo unaligusa pale pale. Upande mmoja una shahidi. Pande nyingine hazina. Mpasuaji alitaka kutoa tu, yaishe. Profesa akasema mkono unaokata milimita tatu huku mwenyewe anazungumza habari za watoto si wa kuzimwa kwa haraka. (Sista ndiye kanihadithia, huku akiigiza sauti zao. Profesa anamwiga vizuri mno, siku moja atafumwa.)

Uamuzi: wananipa mpaka Alhamisi asubuhi. Mstari mpya, picha mara mbili kwa siku, rula ndani ya picha. Ukivuka hata unywele, au nikipata homa, chumba cha upasuaji kinanisubiri. Nimekubali. Safari hii sikuharakisha hata neno.

Mstari mpya kauchora Sista. Kalamu yangu ya dukani imetaifishwa, iko kwenye droo yake pamoja na mkasi. "Wewe ukishika kalamu, nakufunga mikono kwa bandeji," kasema. Na mstari wake jamani! Umepinda kama njia ya mbuzi. Mahali pengine mnene, mahali pengine unakaribia kukatika. Kwenye baka kauzungusha kama anakwepa shimo. Umeniuma moyo kuutazama. Nimeuma midomo, nikamwambia asante mwanangu, ni mzuri.

"Muongo," kasema.

Jumatano, 12 Machi

Damu: sitini na moja. Hakuna homa. Nimeipima mwenyewe kwa kiganja kila saa mpaka Mwalimu akaniambia paji la uso litachubuka.

Bandeji haifunguliwi kwa ajili yangu, kwa ajili ya picha tu. Na wakati wa picha Sista ananiwekea taulo machoni. Amri ya Daktari: nisitazame, nisije nikaanza kupima. Nimelalamika. Nimeambiwa nilalamike kwa maandishi. Basi naandika: nalalamika!

Mwalimu kapata habari njema. Vipimo vyake vya mwisho havikuotesha kitu, mara ya pili mfululizo. Safi! Atatiwa kifaa kipya mwisho wa mwezi. Alisikia akiwa ameshika kikombe, kikamwagika chote, na safari hii haikuwa Pakinsoni. Sista kamfuta, kamkumbatia juu ya uji. Mwalimu anasema kitu cha kwanza atakachoandika ni jina lake, kwa hati ya kuunganisha, ubao mzima. Nami nimemwahidi ubao wa kioo, mkubwa, kingo zimesuguliwa. Nimeahidi kabla sijajua nani ataukata.

Kwa hiyo hata kundi la kutolewa lina mlango wa nyuma. Nimelifikiria hilo sana leo. Jumapili nililiona kama ukuta.

Shemeji kapiga mchana. Madirisha ya maktaba yameingia. Yote! Kioo cha mwisho, anasema, kiliteleza kama mkono kwenye mfuko. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekula vizuri. Nilisubiri ajisifu. Badala yake akasema wenye saluni wameleta fremu ya kioo cha ukuta mzima, na amewaambia hicho hakigusi.

"Kwa nini? Si umeshajua?"

"Najua madirisha, shemeji. Kile ni chako. Nimewaambia wasubiri, umelazwa, utarudi." Akaongeza: "Sikusema umepumzika."

Nikamwambia mtandao unasumbua. Ulikuwa hausumbui.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi. Nimeamka kabla ya wote. Baba Watoto amekuja na mapema yake yote, shati la harusini, sijui anadhani tunaenda kufungishwa tena. Nikamwuliza soksi kapata wapi. Kanionyesha: moja ya bluu, moja nyeusi. "Unaona? Nimekwambia usiuchezee huo ubongo."

Mwalimu ameketi, miwani tayari. Hana ruhusa ya kutazama ila hakuna aliyethubutu kumwambia.

Sista kaingia na sinia. Sasa anatoa plasta ya juu. Taulo hakuniwekea. Nimemwuliza, na taulo? Kasema Daktari kasema leo tazama. Sijui hiyo ni nzuri au mbaya. Mkono wangu wa kuandika ndio huu, tuli. Mwingine ameushika Baba Watoto, na ni wake unaotetemeka.

Bandeji imeinuka. Sista kaenda mlangoni kumwita Daktari. Amesema nisijiguse, nisijipime, nisipumue sana.

Nimetazama.

Mstari upo, umepinda vile vile, mbaya vile vile. Juu, kwenye baka, wekundu umekaa mlangoni, umeugusa mstari, haujatoka. Chini umeachia kidogo, kama unene wa kioo cha picha. Na upande wa kwapani – nimefumba macho nikafumbua – upande wa kwapani kuna ngozi yangu. Ya kawaida. Kidole kizima kinalala pale kati ya mstari na wekundu, kinabaki na nafasi.

Haulingani! Juu hakuna kitu, chini kidogo, kwapani kwingi. Hakuna fundi duniani ambaye angekata hivi. Mkono wangu haupo hapa kabisa.

Nasikia viatu vyake vya mbio kwenye korido. Kaingia. Hakusalimia. Ameinama, nywele zake zinanigusa kidevu, ameweka rula ya karatasi kwapani, anamtajia Sista namba. Sista anaandika. Sasa anaweka juu, kwenye baka. Amesogeza taa. Anasema, "Sista, hebu njoo usome na wewe, hapa ni sifuri, haujavuka. Kifaa kinabaki."